Sababu ya Badiliko

Kaka yangu alikuwa ameshasahau kwamba tumekunywa chai, lakini nywila ya kuchapishia matoleo ya programu yake alikataa katakata kunipa.

"Nitachapisha mwenyewe," alisema. "Kama siku zote."

"Siku zote zimekwisha, kaka."

Nilisema vibaya, najua. Wananiita Kibiriti tangu utotoni, na si kwa kunisingizia. Nikiguswa tu nawaka. Wifi yangu, aliyekuwa kwenye cherehani yake pale dirishani akishona sare za shule, aliondoa mguu kwenye kanyagio akanitazama. Nikajiinamia kwenye kompyuta yangu.

Kaka ni mfamasia. Zamani, bila kuingia darasa lolote la kompyuta, alijifunza lugha ya kompyuta ya Python kwenye kitabu cha kuazima, akaandika kifurushi cha programu cha kukokotoa dozi za watoto. Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto, kifurushi kinamjibu ampe mililita ngapi. Basi. Lakini hicho kitu kidogo leo kinatumika katika zahanati mia mbili na zaidi, na kompyuta zao huchukua kila toleo jipya zenyewe, bila kumuuliza mtu.

Namna yake ya kazi ilikuwa hii. Alikuwa na daftari la jalada gumu lenye watoto arobaini na wawili: umri na uzito upande huu, dozi upande ule. Kabla ya kila toleo aliwaingiza mmoja mmoja kwenye laptopu yake, akaweka tiki kwa penseli, na akishamaliza wote ndipo alipochapisha, kutoka laptopu hiyohiyo. Ilikuwa kazi ya siku nzima. Nilimcheka miaka na miaka, nikamwambia anafua kwa mkono na mashine ipo. Hakuwahi kutoa toleo bovu hata moja.

Sasa daktari alikuwa ametuita mimi na wifi, akatuambia kwamba akili ya kaka inaondoka kidogo kidogo na hairudi. Mwezi uliopita alianza kuweka tiki, akafika mtoto wa tisa, akapotea, akaanza upya. Akafika wa tisa tena. Wifi alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye daftari analia.

Na toleo halikuwa la kusubiri. Kiwanda kilikuwa kimeongeza nguvu ya dawa ya homa mara mbili, na chupa mpya zingefika zahanati Jumatatu. Mtoto aliyekuwa akipewa mililita kumi sasa apewe tano. Toleo letu likichelewa, wauguzi wangewapa watoto dozi mara mbili huku kompyuta ikiwaambia wako sawa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kwa hiyo nikaja na begi langu, maana mimi kazi yangu ndiyo hiyo ya kompyuta. Nilihamisha daftari lote kuwa majaribio ya kompyuta, mtoto mmoja jaribio moja, na dozi mpya nikazikokotoa nikihakikisha na kaka katika zile saa zake nzuri za asubuhi. Kisha nikatega mtambo: kila nikituma msimbo, yaani maandishi ya programu, kwenye ghala letu la mtandaoni, kompyuta ya huko mbali inauchukua, inawapima watoto wote arobaini na wawili kwa sekunde chache, na nikitia alama ya toleo, wakipita inachapisha yenyewe. Hakuna laptopu ya mtu wala penseli. Wa kuchoka hayupo, wala wa kusahau.

Ijumaa asubuhi kaka aliamka vizuri, akanipa nywila mwenyewe, herufi moja moja, bila kukwama. Nikauwasha mtambo. Watoto arobaini na mmoja kijani, wamepita. Namba kumi na saba, nyekundu.

Nikalifungua daftari kuangalia nilichokuwa nimekinakili harakaharaka. Namba kumi na saba haikuwa na umri, ina uzito tu: kilo mbili na gramu mia nane. Na mahali pa dozi hapakuwa na tarakimu, paliandikwa: *Asipewe. Mwite daktari.* Mtambo, wenyewe, ulikuwa umejibu kwa mililita kama kwa watoto wengine. Nikausoma msimbo juu mpaka chini. Hakuna popote palipoandikwa mtoto asipewe.

Sikufichi, nilidhani ni ugonjwa. Nilijiambia kaka aliandika hivyo siku moja kichwa kikiwa kimeanza kumruka. Saa zilikuwa zinakwenda, nami roho iko juu juu. Nikaandika neno moja la kuuambia mtambo uiruke namba kumi na saba. Nikatuma. Kijani tupu. Jamani, rangi ile inavyodanganya! Nikabaki na kitu kimoja tu cha kufanya, kutia alama ya toleo, na dakika mbili baadaye zahanati zingelipata.

"Tayari, kaka," nikasema. "Njoo ubonyeze wewe. Ni mtoto wako."

Akaja akiburuza ndala, akainamia skrini. Alisoma polepole kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Zimepita ngapi?"

"Zote."

"Ngapi?"

"Arobaini na moja. Moja nimeiruka, imekosewa kwenye..."

"Ni arobaini na mbili," alisema.

"Kaka, ile ya kumi na saba..."

"Ni arobaini na mbili!"

Mtu asiyekumbuka kama amekula. Cherehani ikanyamaza. Nami, badala ya kuona haya, nikamjia juu: hakuna kanuni kama hiyo kwenye msimbo, nimeutafuta wote, aje anionyeshe basi. Alileta laptopu yake ile kuukuu, iliyofungwa bawaba kwa utepe wa gundi, akaiweka mbele yangu.

"Kwangu inapita."

Loo! Hilo ndilo neno la kila fundi wa kompyuta duniani akibanwa, na huwa ninalicheka. Nikavuta msimbo wangu mpya kwenye laptopu yake, nikaondoa lile neno la kuruka, nikaendesha majaribio, ili yaishe.

Arobaini na mbili. Kijani.

Msimbo ni uleule, mtoto ni yuleyule. Kwake anakatazwa dawa, kwangu anapewa. Nikaanza kulinganisha faili kwa faili, lililoko kwenye laptopu na lililoko kwenye ghala. Sikukawia. Kwenye laptopu kulikuwa na faili moja zaidi, la mistari sita, ambalo halikuwahi kutumwa popote. Lilisema: chini ya kilo tatu usikokotoe. Na msimbo mkubwa, katika mstari nilioupita bila kuujali, ulikuwa umeandikwa hivi: faili hilo likiwapo, litii, lisipokuwapo, endelea tu.

Kwa kuwa kila toleo lilitoka kwenye laptopu yake, faili lilikuwa likisafiri na kifurushi miaka yote hiyo, likiwalinda wachanga wa zahanati mia mbili. Mtambo wangu ulichukua ghalani, na ghalani halikuwapo. Ningebonyeza mimi, kwa ujuzi wangu wote huo, wachanga wangelala bila mlinzi.

Jina la faili lilikuwa *chiriku*.

Chiriku ndilo jina la utani alilopewa mtoto wao wa kwanza, kwa kelele zake. Aliishi siku ishirini na mbili. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Niliambiwa homa, nikalia, likapita. Kwa miaka yote niliyokaa katika nyumba hii sikuwahi kusikia likitajwa.

"Kaka," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeshuka yenyewe. "Kwa nini hukulituma hili?"

Alikaa kitini. Akasugua magoti yake kwa viganja, mara nyingi.

"Lile ghala," alisema, "ukituma kitu linakuuliza. Linakwambia andika sababu ya badiliko. Huwezi kupita bila kuandika. Nilifungua mara nyingi, mdogo wangu. Nikafika pale pa sababu, nikafunga."

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi mithali hiyo naitupa ovyo kwa watu. Siku ile niliimeza. Nililiingiza faili, nikafuta ile ruhusa ya kuendelea bila hilo, nikatayarisha kutuma. Kile kisanduku kikatokea, mstari mtupu, unangoja sababu.

"Niandike kwamba ni kikomo cha uzito?" nikamuuliza. "Inatosha."

Akavuta kibodi kwake. Aliandika kwa vidole viwili, na hakukosea hata herufi:

*Mtoto wa siku 22. Kilo 2.8. Nilikokotoa kwa kichwa, nikampa mimi.*

Sikujua kwamba wifi alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Akaitoa pini, akaichoma kwenye ukosi wake. Kaka hakugeuka. Nami nikatamani ardhi inimeze, maana nilifahamu kwamba maneno yale hajawahi kumwambia mkewe.

"Nilijua," wifi alisema. "Kijiko nilikiosha mimi. Kilikuwa kile kikubwa."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote hizo. Nilingoja uniambie. Halafu nikakuona na daftari lako, nikasema, basi, ameniambia."

Akaweka mkono begani kwake, na kaka akaulalia kwa shavu. Mimi nililia kwa sauti bila kujizuia, Kibiriti mzima mimi, mpaka wifi akanirushia kipande cha kitambaa cha sare nijifute. Kisha nikatuma. Arobaini na wawili, wote wakapita kwenye kompyuta ya mbali. Nikatia alama. Saa sita kasorobo toleo lilikuwa nje, na Jumatatu chupa zikafika.

Tangu hapo matoleo matano yametoka, na kaka hakuhitajika kwa hata moja. Wiki iliyopita nilimkuta ameketi karibu yangu, anatazama orodha ya mabadiliko kwenye skrini. Hujisomea tu siku hizi, chochote kilicho mbele yake. Akafika kwenye mstari ule, akausoma kwa sauti, neno kwa neno, halafu akaurudia.

"Maskini baba huyu," alisema. "Ni nani?"

Wifi akajibu kutoka kwenye cherehani, bila kusimamisha mguu.

"Mfamasia mmoja."

"Mkewe alimsamehe?"

"Alimsamehe zamani. Siku ileile."

Kaka alitikisa kichwa polepole, akaridhika, akaniuliza kama tumeshakunywa chai.