Litaje Tulikanyage

Jumatatu asubuhi nilikuta swastika kwenye kabati langu la shule, imechorwa kwa kalamu nene nyeusi, na chini yake neno "Myahudi". Kabla ya kipindi cha pili ilikuwa imeshafutwa, na mwalimu mkuu wetu, Bwana Kowalczyk, ameshawatumia wazazi barua pepe kuhusu "tukio lisilopendeza". Ndivyo alivyo, bingwa wa kufunika kombe mwanaharamu apite.

Mama aliisoma akiwa amesimama jikoni.

"Tukio? Tukio ni bomba kupasuka. Ijumaa anahutubia shule nzima, sivyo? Asipokitaja kitu kwa jina lake, Tirza, wiki ijayo unahamia shule ya Kiyahudi ng'ambo ya mto."

"Kosa nimefanya mimi?"

"Hujafanya, mwanangu. Lakini sikuachi kwa watu wanaojifanya vipofu."

Nililia kwa hasira. Kwa nini nihame mimi, aliyechora abaki?

Alhamisi jioni ilikuwa sikukuu yetu ya Purimu. Rafiki yangu Brigid, Mkatoliki wa kutupwa, alitufuata sinagogi kwa ajili ya biskuti za mbegu. Kilisomwa kitabu cha Esta, na kila lilipotajwa jina la Hamani, yule aliyetaka kutuangamiza huko Uajemi, tulipiga miguu chini mpaka jina likamezwa. Brigid aliwashinda hata watoto wa rabi.

"Mna dini ya raha nyie," alisema, mbegu zimemganda menoni. "Ila si mngeliruka tu hilo jina?"

"Likirukwa tutakanyaga nini?"

Nilijibu bila kufikiri. Usiku jibu lile likaninyima usingizi.

Ijumaa, kipindi cha mwisho, tulijazana kwenye majukwaa ya mbao ya ukumbi wa michezo. Bwana Kowalczyk akakohoa. "Kama mnavyojua, wiki hii kulikuwa na tukio..."

Nikasimama. "Tukio gani, mwalimu?"

"Kaa, Tirza. Tutaongea ofisini."

"Ofisini tulishaongea. Jana sinagogi tulilikanyaga jina la adui yetu kwa sababu msomaji alilitaja. Wewe hujalitaja. Litaje, mwalimu, tulikanyage."

Aliniangalia, akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

"Ilikuwa swastika," alisema taratibu. "Alama ya Wanazi. Ilichorwa kwenye kabati la Tirza Adelman kwa sababu ni Myahudi. Hiyo ni chuki dhidi ya Wayahudi, nami niliogopa kuiita hivyo. Aliyechora tunamjua, na wazazi wake wanakuja leo. Jumatatu kila darasa litafundishwa alama ile iliua watu wangapi. Swastika haina nafasi shuleni kwangu."

Brigid akapiga mguu chini. Kisha safu yetu, kisha walimu, kisha jukwaa zima likanguruma mpaka vioo vikatikisika. Nilipiga miguu huku nacheka na kulia, na sijapata kuipenda shule ile kama siku ile.

Tulipotoka, mama alikuwa akinisubiri ndani ya gari, madirisha wazi.

"Nilikuja mapema. Nimesikia kishindo mpaka huku nje," alisema.

"Basi Jumatatu?"

Akawasha gari. "Jumatatu una mtihani wa hesabu. Na usidhani nimesahau."