Kipande cha Qiuyun

"Nahesabu vichwa ninavyoviona," alisema Mkaguzi Ouyang, akaandika saba.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kufundisha kule milimani Guizhou, mkesha wa sikukuu ya mwezi mpevu. Shule yenye wanafunzi chini ya wanane ilikuwa ifungwe, na watoto wahamishiwe mjini, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Wanane nilikuwa nao. Ila Qiuyun alikuwa amevunjika mguu, kalazwa hospitali. Nilimweleza mkaguzi, akaguna tu, akaketi nyuma aone ninavyofundisha.

Somo lilikuwa hesabu za sehemu. Nilileta keki moja ya mwezi, ile inayoliwa sikukuu hiyo, nene, ya ufuta na karanga, nikampa kisu Manchun, binti wa miaka tisa mwenye mdomo mkubwa kuliko umri wake. Nikamwambia aigawe sawasawa, kila mmoja apate kipande chake.

Akakata nusu. Akakata robo. Kisha kila robo akaipasua katikati. Nikajisemea moyoni: Mbele ya huyu bwana, wanafunzi wangu hawajui hata kuhesabu hadi saba.

"Binti, mko wangapi humu?" mkaguzi akauliza.

"Saba."

"Mbona vipande vinane? Kimoja kimebaki."

"Hakijabaki. Hicho cha Qiuyun," Manchun akajibu bila kuinua macho. "Kwani kwenu, babu, asiyekuwepo hakatiwi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini alisema kweli. Kwetu keki hiyo hukatwa kwa idadi ya familia nzima, hata walioko viwandani mbali. Mimi mwenyewe nilikatiwa miaka minne nikiwa chuoni, na siku hiyo, kwa woga, nikasahau.

Mzee alikitazama kile kipande cha nane.

"Kwangu tunakata vinne," akasema. "Tunakula wawili."

"Basi unajua," akasema Manchun.

Mkaguzi akafungua daftari, akaipiga mstari ile saba, akaandika nane. Ndipo akauliza kila mmoja kapata sehemu gani, na darasa zima likamjibu, moja ya nane, midomo imejaa.

Manchun alimsindikiza hadi mlangoni. "Chako hatukukata, babu. Usinune. Mwakani njoo mapema."

Mwakani. Nilikaa kizingitini, nikacheka peke yangu mpaka watoto wakaanza kunitazama.