Baada ya Kurudisha Mabenchi

Mazishi ya mama mkwe yalikwisha jana, lakini kazi ya Xiuzhi ilikuwa bado imejaa uani: mabenchi marefu ya mbao yaliyoazimwa kwa majirani ili waombolezaji wapate pa kukaa na kulia chakula. Kila moja lilipaswa kusuguliwa litoke mafuta ya nyama, kupinduliwa ili lionekane jina la mwenyewe lililopakwa rangi chini ya ubao, kisha kurudishwa mlangoni kwake. Yale mawili yaliyobeba jeneza yalifungwa kitambaa chekundu kwanza, kuondoa nuksi.

Denglan, wifi yake aliyekuja mazishini kutoka mji wa Chengdu, alishika ncha ya pili.

"Wifi, huku viti vya plastiki havijafika?"

"Vilifika. Mjomba wako akavikalia, vikavunjika."

Denglan alicheka. Xiuzhi alikuwa akitafuta pa kuanzia. Ndani alilala baba yake Denglan, asiyeweza hata kujigeuza. Tangu mumewe alipokwenda kwenye kazi za ujenzi, Xiuzhi ndiye aliyewauguza wazee wote wawili, na mwili wake ulikuwa umefika mwisho. Basi la Denglan lilikuwa la alasiri. Asipomwomba leo amchukue baba yake, hangeomba tena.

Likabaki benchi lao wenyewe. Wakaketi, kila mmoja ncha yake.

"Wifi, kuhusu baba..."

"Basi litaniacha," Denglan akasema, akainuka.

Pale kijijini hata mtoto hujua kwamba aketiye benchi moja na mwenzake humwambia kabla ya kuinuka. Denglan alikuwa amesahau. Benchi likabinuka, na Xiuzhi akaanguka chali kwenye tope la maji ya kuoshea.

"Umeumia, wifi? Nisamehe. Kwangu kila mtu ana kiti chake."

"Sijaumia."

"Basi nipe mkono."

"Niache kidogo." Alishangaa jinsi ardhi ilivyompokea vizuri. Akasema akiwa vilevile, macho juu: "Siwezi tena, Denglan. Mchukue baba."

Denglan alitazama barabara ya basi. Kisha akalisimamisha benchi, akaketi katikati yake, akaanza kuvua viatu vilivyojaa tope.

"Nakaa ghorofa ya sita. Hakuna lifti."

"Atabebwa."

"Asubuhi anakula nini?"

"Uji wa mchele," Xiuzhi akajibu, akifumba macho. "Upoze kwanza. Huwa hasemi kwamba unamuunguza."