Kilio cha Mama Mutambo

Mwaka wa themanini na saba Norbert alirudi mjini Baraka kutoka Kinshasa na kinanda cha umeme kilichonasa sauti za watu. Ukiimba neno mbele ya mikro, neno lile lilitoka tena kila alipogusa kibonyezo, nene au jembamba apendavyo. Alitaka kutunga opera, mchezo wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho, juu ya mama anayemlilia mwanawe. Akamwendea Georgette.

Alijua anamwendea nani. Mutambo, mwana pekee wa Georgette, alipigwa risasi na askari kwenye njia ya Kilembwe. Walisema chumvi aliyobeba ni ya waasi wa milimani. Mamake alikatazwa hata kufanya matanga. Basi siku ile, mbele ya mikro, vilio vyote alivyovimeza vikatoka.

“Baba, bila weye siko kitu. Baba, baki na sisi. Bamekuua, baba, juu ya chumvi.”

Alimwita baba, kama mama yeyote amwitavyo mtoto wake wa kiume.

Komisere wa zone, mkuu wa serikali pale Baraka, alikuja kusikiliza mazoezi. Alifumba macho, akatikisa kichwa, akatabasamu.

“Sikukuu ya chama, tutamwimbia Rais, Baba wa Taifa, wimbo huu. Ile ya chumvi, toa.”

“Mi siimbi ile,” Georgette akasema.

“Nani amekuomba kuimba, mama? Sauti yako iko mu mashine.”

Komisere alipoondoka, Georgette alimshika Norbert mkono. “Futa, mwanangu. Nakulomba.”

“Nitafuta, Mama Mutambo,” Norbert akajibu, huku akizikunja nyaya zake.

Siku ya sikukuu, askari wawili walimtoa Georgette nyumbani, wakamvisha kitenge cha chama, wakamsimamisha mbele kabisa kwenye kiwanja cha mpira. Norbert alikuwa nyuma ya kinanda, shati jipya mwilini. Ngoma za mashine zikaanza, za kuchezeka, kisha sauti ya Georgette ikapasuka katika vipaza sauti: Baba, bila weye siko kitu! Baba, baki na sisi!

Georgette mwenyewe alifunga kinywa. Askari akamchoma kiunoni kwa mtutu. “Imba.”

Akafungua kinywa, akapiga yowe kwa nguvu zote: “Mutambo! Bamekuua! Ni hawa bamekuua!” Lakini vipaza sauti vilimmeza. Watu waliona mama anayeimba mpaka mishipa ya shingo imesimama, wakampigia makofi. Komisere mwenyewe alishuka jukwaani kumpa mkono.

Norbert alipelekwa Bukavu kufundisha vikundi vya chama. Georgette alibaki.

Mwezi uliofuata mtoto wa Anastasie, jirani yake, aliuawa vilevile, njia ileile, na safari hii matanga yaliruhusiwa. Georgette alikwenda kulia na wenzake. Anastasie alinyanyuka kwenye mkeka, akamzuia mlangoni.

“Weye, nenda umwimbie baba yako.”

“Anastasie, baba niliyemwita ni Mutambo.”

“Tulikusikia sisi wote,” Anastasie akasema, na wanawake wengine wakamgeuzia mgongo.