Spika za Pijo ya Dhadho

Wewe ukienda kununua spika za gari, unaangalia nini kwanza? Wengine hupima uzito wa sumaku, wengine hugonga ile karatasi ya mbele kwa kidole wasikie kama imekaza. Dhadho wa Wenje alitaka jambo moja tu: spika ambazo ndani yake mama mkwe wake hatasikika vizuri.

Alimweleza hivyo Nuh, fundi wa redio pale Garsen, naye Nuh akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa gia ya tatu inaruka. Mwanaarusi, mke wa Dhadho, alikaa kiti cha mbele, mlango wazi, viatu amevua, miguu imemvimba. Tangu mvua za El Nino barabara ilikuwa mashimo matupu, na gari lenyewe, Pijo ya kubebea abiria, lilikuwa rika moja na Fahima, binti yao mkubwa.

Mambo yalianza na mvua hizo hizo. Mto ulipopanda, Dhadho aliliegesha gari makaburini, maana ndipo palipoinuka kuliko pote kijijini. Maji yakafika hata huko. Yalisimama milangoni mwa gari na juu ya kaburi la Bi Sadia, mama yake Mwanaarusi, hadi yalipotaka yenyewe kuondoka. Dhadho akazifungua spika, akazianika mkekani pamoja na mpunga, zikakauka, akazirudisha. Akawasha redio asikilize matangazo ya vifo, akamsikia Bi Sadia akiuliza nani analima shamba lake.

Shamba lilikuwa kipande cha ukingoni, chenye migomba. Bi Sadia alimwachia Mwanaarusi kwa mdomo wake, watu wakisikia. Lakini mafuriko yaliing'oa migomba ya mpakani, na udongo ulipokauka Dhadho alisimama pale na jembe, akachora mpaka mwingine, akampa mdogo wake Dawood kipande chote. Siku hiyo Mwanaarusi alikuwa uani akisugua matope kwenye masufuria. Hakuulizwa, naye hakusema.

Abiria wa Hola walikwisha kuzoea. Wakipanda humwamkia Bi Sadia kwanza, ndipo wamwamkie dereva.

Nuh alizitoa spika za zamani, punje za mpunga zikamwagika kutoka mlangoni. Akaunganisha ndogo, zilizotoka kwenye Datsun.

"Shikamoo, bibi," Nuh alisema.

"Marahaba, mwanangu. Migomba yangu nani ameikata?"

Sauti ilikuwa nyembamba, ya msichana ambaye hajaolewa.

"Bado anasikika," Dhadho alisema. "Jaribu zile."

Zile zilikuwa kubwa kama sinia. Bi Sadia alisikika mpaka kwenye soko la ng'ombe, na mchungaji mmoja, jina lake Mzee Wako, akavuka barabara na fimbo yake.

"Huyo si Sadia? Kiangazi kile alinipa njia nikanyweshe ng'ombe. Pole, mama, na shamba."

"Nimeshapoa, Wako. Ng'ombe wako wazima?"

"Wamebaki wachache."

Jozi ya tatu ilitoa maneno upande wa kushoto, na upande wa kulia mlio wa jembe likiingia ardhini. Dhadho akajifuta jasho.

"Mzee," Nuh alimwambia Dhadho, "hata nikufungie za msikiti, bibi atasema tu."

"Basi nipe mbovu kuliko zote."

Nuh akaleta zilizochanika karatasi. Ndani yake Bi Sadia alikwaruza, akakohoa, akaanza upya, akakohoa tena.

"Hizo hizo," Dhadho alisema. "Funga."

Mwanaarusi alikuwa akisikiliza. Mama yake ndiye aliyemsemea siku ya posa, ndiye aliyemsemea kila ugomvi wa uani, na sasa alikuwa chini ya udongo na bado yuko kazini.

Waliondoka Garsen jua likipinda. Njia nzima Bi Sadia alikohoa. Dhadho alikuwa mchangamfu. Alisema spika hizi zina maana, mtu anaweza kuendesha akafikiri. Karibu na Wenje Mwanaarusi alinyoosha mkono akazima redio.

"Pumzika, mama," alisema.

Wakafika ukingoni. Dawood alikuwa shambani amejifunga shuka kiunoni, anapanda mahindi pale palipokuwa na migomba. Akainua mkono. Dhadho akampigia honi, akapunguza mwendo wasalimiane.

Mwanaarusi akavaa viatu vyake, kimoja kimoja.

"Baba Fahima, shamba hilo ni langu. Nalitaka."

Dhadho akapeleka mkono kwenye redio kupunguza sauti. Akazungusha kitufe mpaka mwisho, akangoja.

Nje Dawood alikuwa ameinama tena kwenye mashimo yake ya mahindi.

"Nalitaka," Mwanaarusi alisema.