Neno la Darasa la Juu

Mwalimu alikuwa na pua ya kunusa udanganyifu, na leo ilimwasha tangu mstari wa pili. Insha ya Kiingereza ilikuwa ya Sindano, fundi cherehani Mchina aliyebatizwa jina hilo na wenzake darasani. Makosa tele, kama kawaida yake. Lakini neno "considerably", la Kiingereza cha maofisini, maana yake kwa kiasi kikubwa, lilikaa mahali pake mara nne bila kutikisika. Wachina wenzake wote walikuwa bado wanabandika "very" kila penye nafasi. Haiwezekani! Hapa pana mkono wa mtu.

Fomu ilikuwa mezani. Mwalimu akitia saini kwamba insha ni ya Sindano mwenyewe, Sindano anafanya mtihani wa mwisho. Asipotia, mwaka mzima umekwenda na maji.

"Njoo, mama, kaa. Niandikie sentensi tatu zenye neno hili, hapa hapa nikikuona."

Sindano akaandika polepole, ncha ya ulimi nje. Uwezo wa kuona umepungua. Dozi imeongezwa. Matumaini ya kupona yameshuka. Kila sentensi ilimalizika kwa neno lile, sawasawa kabisa.

Badala ya kutulia, mwalimu akazidi kuingiwa na shaka. Huyu amekaririshwa.

"Sema kweli. Nani amekufundisha?"

"Daktari."

"Ahaa!" Nusura apige makofi.

Sindano akatoa mkobani barua za hospitali, zimekunjwa vizuri kama nguo za mteja. Zote zilihusu macho ya mumewe. Katika kila moja, neno lile lilikuwa limezungushiwa chaki ya bluu, ile ya kuchorea vitambaa.

"Mume wangu haoni maandishi. Namsomea mimi. Kila likija neno hili, ujue kuna kitu kimetuponyoka."

Aibu ikampanda mwalimu mpaka masikioni. Akajikakamua, "Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza, mwalimu. Mwaka jana, barua ya kwanza ikiwa mkononi. Ulisema hilo ni neno la darasa la juu, nisubiri."

Mwalimu akakumbuka. Hata bahasha hakuitupia jicho. Akatia saini haraka, kisha akasogeza kiti.

"Lete hiyo ya mwisho, tuisome pamoja."

"Hiyo nimeshaielewa," Sindano akasema, akaanza kuzikunja barua upya.