Kichwa cha Mbea

Ufunguo wa lango la kanisa ninao mimi, Visitación, na nimekaa nao miaka ishirini na saba. Ni chuma kizito, kirefu kuliko kiganja changu, na huning'inia jikoni kando ya vitunguu saumu. Langoni tumebandika karatasi: "Ufunguo upo nyumba yenye mlango wa kijani." Wageni huisoma saa nane mchana, dengu zimeiva na mume wangu keshashika kijiko. Sijui huko watokako watu hula saa ngapi. Wanabisha hodi, wanatabasamu, wanasema hawana haraka. Wao!

Kwa kuwa uwanja wa kanisa umezungushiwa ukuta mrefu, bila mimi huoni kitu. Na kitu chenyewe wanachokitaka hapa Pedrañuela ni kimoja. Chini ya ukingo wa paa kuna vichwa vya mawe ishirini na vitatu, kila kimoja kimebeba kipande chake cha paa na kina sura yake: dubu, mtawa, mlevi na pipa lake. Cha tisa ni mwanamke aliyeachama mdomo. Profesa Leandro Berrueta, aliyeandika kitabu kinene juu ya makanisa ya huku kaskazini mwa Palencia, ndiye aliyetufumbua macho: huyo ni Mbea, dhambi ya ulimi, kazi ya miaka mia tisa iliyopita, na Hispania nzima hana mwenzake. Tangu hapo mabasi hayakauki.

Nami sikuwaangusha wageni. "Mtazameni huyo," huwaambia, "mdomo kama mlango wa zizi! Mumewe alikufa mapema, ole wake, apumzike." Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Jirani yangu Honorina, anayeumezea mate ufunguo huu tangu nilipopewa, husema mimi na Mbea tungeitana dada. Namwacha aseme. Ufunguo ninao mimi.

Mwezi wa tano ikaja barua. Profesa atafika Jumamosi na basi la watu arobaini, na hapo baadaye ataleta kibao cha chuma cha kutundika langoni. Nikamsomea mzee wangu Eutimio maneno ya kibao hicho: "Mbea. Karne ya kumi na mbili. Fundi asiyejulikana."

Eutimio akaweka kijiko chini. "Nani asiyejulikana?"

"Fundi."

"Mimi najulikana. Nimezaliwa nyumba ile pale."

Nikadhani jua limempiga. Ana miaka themanini, na maisha yake yote alikuwa mwashi. Lakini akanisimulia yote, polepole, akikohoa katikati. Mwaka ule walipotengeneza paa, miaka thelathini na mitano nyuma, kichwa cha tisa kilikuwa kimepasuliwa na barafu, hakijulikani pua wala sikio. Wakubwa wa kazi wakamwamuru aweke jiwe tupu, watu wasije wakadhani kipya ni cha kale.

"Jiwe tupu, Visi! Katikati ya wenzake! Kama pengo. Nikachonga langu zizini majira yote ya baridi, nikalipachika mwenyewe."

"Muongo. Na ule ukungu wa njano ulioota juu yake?"

"Maziwa mgando. Unalipaka jiwe, mvua inanyesha, ukungu unashika. Miaka miwili tu linazeeka kuliko Papa."

Nikayakumbuka maziwa yangu mgando, yalivyokuwa yakipungua majira yale. Nilimfukuza paka asiye na hatia.

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Wangenifukuza kazi. Halafu Profesa akaandika kitabu, mabasi yakaanza kuja, nikaona haya." Akakohoa tena. Vumbi la mawe limemkaa kifuani, na daktari ameshaacha kumpa moyo. "Sitaki kitu, mke wangu. Nataka mtu mmoja mwenye elimu aseme mbele za watu: hii ni kazi ya Eutimio. Mara moja tu, niisikie kwa masikio yangu, basi."

Huruma ilinishika, sitaki kuficha. Ila nikauliza, "Na huyo mwanamke ni nani?"

Akarudia dengu zake.

Siku tatu nilichemka. Mdomo ule utakuwa wa nani, kama si wa Honorina? Nilimchungulia dirishani akianika mashuka, nikimpima taya kwa macho. Nikamlaza Eutimio bila supu mara mbili.

Jumamosi wakaja. Profesa akawapanga watu wake chini ya paa, akawagawia darubini, akaanza. Anasema vizuri, huwezi kumnyima hilo. "Tazameni mdomo: anateta. Tazameni macho yaliyofumba nusu: anafurahia. Na sasa jambo nililoligundua mwaka huu tu: sikio la kushoto. Ndewe imechanika! Fundi anatuambia kwamba sikio linalosikia yasiyolihusu huadhibiwa."

Mkono wangu ukapanda wenyewe hadi kwenye kitambaa cha kichwa. Ndewe yangu ya kushoto ilichanwa na mbuzi aliyeng'ang'ania hereni yangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Tangu hapo hakuna aliyeliona sikio hilo isipokuwa mama yangu, daktari wa meno, na mtu mmoja aliyekuwa sasa akijipenyeza katikati ya wageni, kofia mkononi.

"Profesa," Eutimio akasema, "samahani. Hicho ni changu. Nilikichonga mimi."

Watu wakageuka. Profesa akamtazama kwa upole, kama mtoto aliyesema anataka kuwa askofu. "Mzee wangu, mkono wa siku hizi haukiwezi kitu hiki. Mkono uliochonga hiki uliuogopa moto wa jehanamu."

"Hata mimi nauogopa."

Wakacheka, wakampiga picha. Eutimio hakucheka. "Halafu hateti. Anaimba. Alikuwa akifua pale chini kwenye birika la kufulia la kijiji, mimi nipo juu ya paa, namsikia kila asubuhi. Na mwenyewe yu hai."

"Yuko wapi?" mtu akauliza. Nikamtazama Honorina. Honorina akanitazama mimi, akakunja mikono kifuani. "Usinitazame mimi, shoga," akasema. "Mimi hata kanisani siimbi."

Ningeweza kunyamaza. Miaka ishirini na saba nimemcheka mwanamke yule wa jiwe mbele ya kijiji kizima, na Honorina alikuwa hatua tatu tu, ananisubiri. Lakini Eutimio alikuwa amesimama pale na kofia yake akiigeuza geuza, amekwisha kuwa mzee wa kupigwa picha. Nikafungua kitambaa. Nikageuza sikio la kushoto lielekee jua, nikasimama chini ya jiwe la tisa, nikaimba wimbo wa kufulia. Sauti yangu imebaki mikwaruzo mitupu. Niliimba beti mbili, na nilikuwa nikilia, na sikujali.

Hakuna aliyecheka. Darubini zilipanda juu, zikashuka kwangu, zikapanda tena. Profesa mwenyewe alitokwa na machozi. Nikasema moyoni, mwanangu, sasa liseme.

"Mabibi na mabwana," akasema, "tunashuhudia muujiza. Miaka mia tisa, na sura ile ile bado inaishi katika kijiji hiki! Bibi huyu ni wa ukoo wa yule aliyetazamwa na fundi wetu asiyejulikana!"

Wakapiga makofi. Hata Honorina alipiga. Eutimio akavaa kofia yake, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya lango. Nilipomfikia alisema, "Umesikia? Mkono wa siku hizi haukiwezi," na alikuwa anajaribu kutabasamu, lakini tabasamu halikumkaa. Nilitamani kumtandika mtu mwenye elimu, yeyote.

Wiki mbili baadaye Profesa akarudi na kibao chake, na basi lingine la watu arobaini, na mvua juu. Walinikuta langoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu, na mkono wangu juu yake. Eutimio alikuwa kwenye benchi lake chini ya kibanda cha ukuta, amejifunika blanketi.

"Tuko tayari, mama," Profesa akasema.

"Bado. Kwanza useme, kwa sauti, watu wako wakisikia: hii ni kazi ya Eutimio. Usiposema, sifungui."

Akanitazama. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka puani. Mara macho yakamng'aa, akatoa daftari lake. "Ni desturi ya hapa?"

"Ni desturi."

"Ya zamani?"

"Zamani gani! Ya kabla ya paa."

Baadaye aliitolea sura nzima katika kitabu kipya, lakini hayo ni yake. Siku ile alivua kofia kwenye mvua, akawageukia watu wake, akajaza kifua na kusema, "Hii ni kazi ya Eutimio!" Watu arobaini wakaitikia nyuma yake chini ya miavuli.

Nikageuka kumtazama mzee wangu. Masikio yake ni mazima kuliko yangu. Alikuwa ameshika kofia mapajani.

"Visi," akaniita, "sikumsikia vizuri. Mwambie arudie."